Gunia la Vichwa vya Brashi

Krismasi iliyopita nilikwenda Ikonda kusalimia, na nilipoingia jikoni kwa mjomba nikakuta gunia linasubiri kuingia motoni. Mvua ilikuwa imeshinda ikinyesha, kuni zimelowa, na mke wa mjomba alishalishusha kutoka kwenye kichanja cha juu ya mafiga. Nikafungua. Vichwa vya brashi, tisa kwa hesabu. Kimoja kikubwa kama mkate wa bofulo, kingine chembamba kama kitana, kingine kimepinda shingo kama ndege aliyelala. Vyote vimekauka kwa moshi wa miaka. Vingewaka vizuri sana.

“Mama, naomba usivichome.”

“Kwani we unataka kuvila?”

Nikaenda kwa jirani, nikanunua mzigo wa kuni kavu, gunia likarudi juu. Ndiyo bei niliyolipia historia hii, ndugu msomaji, na sijuti.

Sisi tunaojiita waandishi chipukizi tunapenda kuandika mapenzi, usaliti na maisha ya mjini. Si vibaya. Lakini ni nani kati yetu amewahi kuandika kuhusu yule mtu anayeosha dirisha tunalokaa ndani yake tukiandika? Mjomba wangu aliosha madirisha Makambako kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakuandika hata barua. Alichoacha ni hilo gunia, na mimi nimelisoma kama watu wanavyosoma majalada.

Makambako unaijua hata kama hujawahi kushuka. Ni pale barabara ya kwenda Songea inapoachana na ile kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, na ni pale reli ya TAZARA, waliyotujengea Wachina na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, inapopita. Malori, mabasi, treni. Kiangazi vumbi jekundu linapanda hadi ghorofani na kukaa kwenye vioo kama poda, masika matope ya magurudumu yanaruka. Mtu mwenye ndoo, dodoki na ngazi hawezi kukosa deiwaka katika mji kama huo, na mjomba alikuwa navyo vyote vitatu.

Ngazi ndiyo iliyomponza. Ilikuwa 1996, kwenye jengo moja ambalo sitalitaja. Mafundi wana kanuni: kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi uwe mita 1 nje ya ukuta. Lakini uchochoro ulikuwa mwembamba, hapakuwa na hiyo mita, ngazi ikasimama wima kama askari, na chini sakafu imelowa maji ya sabuni. Alianguka na kuvunjika paja. Tajiri wake alimlipa siku ile moja, tena nusu, kwa kuwa dirisha lilikuwa halijaisha.

Kwa kuwa nyumbani ni Ikonda, na hospitali ya Wamisionari wa Consolata iko hapo hapo, akarudishwa nyumbani kutibiwa. Wakati ule Makete ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa, maana Mkoa wa Njombe ulizaliwa 2012, na barabara ya kutoka Njombe ilikuwa ya udongo mtupu. Sielezi safari ile. Mtu mwenye paja lililovunjika, juu ya lori, masika. Basi.

Mimi nilikuwa kidato cha pili na ndiye niliyemuuguza. Wiki nyingi alilala chali, mguu umening'inizwa kwa uzito ili mfupa unyooke. Mtu aliyelala hivyo hana cha kutazama ila dirisha. Asubuhi Ikonda ni ukungu, tupo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kioo kinatoa jasho. Ukungu ukipanda unaona mlima, miti, watu wakipita na mablanketi mabegani. Siku moja alimwona mtoto anaangua parachichi kwa upembo. Unaujua upembo: mti mrefu, kwenye ncha umefungwa kijiti cha kulabu. Mtoto kasimama chini, tunda liko juu, hakuna aliyepanda.

“Umeona?” akaniuliza.

“Nimeona nini, mjomba?”

“Huyo mtoto ana akili kuliko mimi.”

Hapo ndipo historia ya gunia inapoanza. Lakini mti mrefu peke yake hauoshi kioo, wala brashi peke yake haifiki juu. Kazi yote iko pale vinapokutana, na pale vilipokutana palikuwa pameshapita mambo mengi ya nchi hii.

Tuanze na mti. Njombe ni nchi ya miwati. Kampuni ya Miwati ya Tanganyika ilianzishwa mwaka 1949 kwa fedha za shirika la maendeleo la Waingereza, kwa ajili ya magome yenye dawa ya kulainishia ngozi, na fito zake zimejaa kila mahali. Mjomba alijaribu ufito wa mwati. Ni mzito, bwana! Ukiunyanyua mita 5 juu ya kichwa, baada ya madirisha mawili mabega yanaomba radhi. Ndipo akarudi kwenye mwanzi.

Na kwetu mwanzi si mti tu, ni pombe. Ulanzi hugemwa masika: chipukizi linakatwa ncha, mgemaji anapita asubuhi na jioni kulikata upya, utomvu unadondokea kwenye chombo. Chipukizi lililogemwa halirefuki tena. Kwa hiyo kila mti mrefu wa kuoshea dirisha ni mwanzi ambao mtu alikubali kuuacha bila kuugema, na bibi yangu alilijua hilo. Mjomba alipoomba mianzi miwili, bibi alipiga hesabu ya lita. Wakaafikiana mmoja, na uliokua pembeni kabisa.

Mwanzi ukatwe umekomaa, wa miaka mitatu hivi, tena kiangazi, vinginevyo bungua wanautafuna ungali mkononi. Ukishakatwa unawekwa juu ya moshi. Huu ni ujuzi wa wajenzi na wasuka vikapu wa Kikinga, mjomba hakugundua kitu hapo. Na asidhani msomaji kwamba mwanzi ni kitu cha kimaskini. Mwaka 1940 Mmarekani Cornelius Warmerdam alikuwa mtu wa kwanza kuruka futi 15, yaani zaidi ya mita 4.5, katika mchezo wa kuruka kwa upondo. Upondo wenyewe ulikuwa wa mwanzi. Nyuzi za kioo zilikuja baadaye.

Sasa brashi. Hapa anaingia babu.

Babu alikuwa manamba. Vijana wa leo neno hilo wanalisikia shuleni na kulisahau siku ya mtihani, kwa hiyo nilifafanue. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Dk. Richard Hindorf. Miche ilitoka Florida kupitia Hamburg, ikafa mingi njiani, ikabaki 62 hai. Kutokana na hiyo 62 yakazaliwa mashamba ya Tanga, Pangani, Korogwe na Morogoro, na mashamba yakawa na njaa ya watu. Nyanda za juu kusini, Njombe ikiwemo, zikageuzwa kuwa ghala la vibarua. Kuanzia 1944 wakulima wa mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU, na vijana wetu walipandishwa malori wakiwa na namba. Ndiyo maana wakaitwa manamba. Ulipewa kipande, nacho kilijaa ukishamaliza siku 30 za kazi.

Babu alianza kwa kukata majani, akaishia kiwandani. Jani la mkonge ni maji na nyama tupu: kilo 100 za majani zinatoa kilo 4 hivi za nyuzi. Mashine ya korona inaponda na kukwangua, nyuzi zinaanikwa juani, kisha zinapitishwa kwenye mashine ya kuzibrashi. Zile ndefu zinakwenda Ulaya kuwa kamba. Zile fupi zinazodondoka chini ni za kujazia magodoro na kazi nyingine ndogondogo. Babu alifagia hizo fupi kwa miaka, na kutoka kwa wenzake akajifunza kuzifunga kwenye ubao kuwa brashi.

Alirudi Ikonda na baiskeli, koti, na ujuzi huo. Baiskeli iliibiwa. Koti nimelivaa mimi. Ujuzi ulikaa bila kazi karibu miaka arobaini, hadi mjomba alipotoka hospitali akichechemea na kumwambia, “Baba, nahitaji kitu cha kusugua, kishike kwenye ncha ya mwanzi.”

Kichwa cha kwanza ndani ya gunia ni cha mkono wa babu. Nimekigeuza mara nyingi. Ubao wa mwati, matundu yametobolewa kwa keekee kwa mistari mitano. Kila fungu la nyuzi limekunjwa katikati, likavutwa ndani ya tundu kwa waya unaopita nyuma ya ubao kutoka tundu hadi tundu, kama mshono. Lakini tazama nyuzi zenyewe: mistari ya katikati imekatwa mifupi na migumu, ya pembeni imeachwa mirefu na milaini. Mifupi inasugua uchafu wa katikati ya kioo, mirefu inaingia kwenye kona za fremu. Miaka mingi baadaye nilikuta mpangilio huo huo kwenye brashi za kiwandani kutoka Ulaya, zinauzwa ghali eti ni ufundi maalumu.

Nani aliiga kwa nani? Hakuna aliyeiga. Uchafu ni ule ule, kona ni zile zile.

Nyuzi za mkonge zina kasoro moja kubwa: zinakunywa maji, na katika baridi ya Makete hazikauki, zinaoza. Kichwa cha pili kinaonyesha mjomba alivyojibu. Nusu ya mafungu ni mkonge, nusu ni nailoni iliyokatwa kutoka fagio kuukuu la dukani. Cha tatu ni nailoni tupu. Mabadiliko hayo matatu yanaonekana ndani ya gunia moja, na ndiyo yaliyotokea duniani kote. Huko ng'ambo brashi bora zilikuwa za nywele za nguruwe kutoka China, hadi mwaka 1938 Wamarekani walipotoa mswaki wa nailoni, na tangu hapo nyuzi za maabara zikaanza kusukuma za shambani pembeni. Mkonge wetu nao ulisukumwa. Mwaka 1964 nchi ilizalisha kama tani 230,000. Mwishoni mwa miaka ya 1990 haikufika hata tani 30,000. Kamba za plastiki, mashamba yaliyochoka, utaifishaji wa 1967 na usimamizi wake, kila mtu anataja sababu yake. Mimi ninachojua ni kwamba mjomba naye aliuacha mkonge wa baba yake, na hakuna serikali iliyomlazimisha. Uliooza ukaoza.

Tufike kwenye kiungo chenyewe, maana ndipo penye utamu. Ukipiga msumari kwenye mwanzi, unapasuka. Kwa hiyo mjomba alitoboa kwa waya uliochomwa hadi ukawa mwekundu: tundu linaungua badala ya kupasuka. Ndani ya uwazi wa ncha akachomeka kipande cha mwati kilichochongwa kubana, na nje akaviringisha mpira wa tyubu ya baiskeli, akiuvuta hadi unalia. Kazi ya kwanza mbele ya watu, kichwa kilichomoka kikaanguka hatua mbili kutoka kwa mama aliyekuwa anauza karanga. Mjomba akanunua karanga zote. Tangu siku hiyo kila kichwa kina waya wa akiba uliofungwa kwenye mwanzi, hata kikichomoka kinaning'inia.

Tatizo la pili ni pembe. Simama chini ya dirisha lililo mita 5 juu, rudi nyuma hatua mbili, inua mti. Mti umelala kwa pembe, kioo kimesimama wima. Brashi iliyonyooka na mti inagusa kioo kwa ukingo mmoja tu. Lazima shingo ipinde. Vichwa vya nne na vya tano vina shingo ya nondo ya milimita 8, iliyopindwa kwa moto, na kabari ya mbao ya kuongeza au kupunguza mpindo kulingana na urefu wa dirisha. Wenzetu wa Marekani na Ulaya nao wana kipande hicho, cha aluminiamu, na jina wamekipa la shingo ya bata bukini. Mjomba alikiita “kilema”, akicheka, kwa sababu ya mguu wake.

Kichwa cha sita ndicho ninachokipenda kupita vyote, na hicho sijakiona kwenye duka lolote la dunia. Ni chembamba, kina nyuzi pande mbili kama kitana cha pande mbili. Ni brashi ya luva. Majengo mengi yetu ya miaka ya 1960 na 1970, shule, ofisi, nyumba za watumishi, yalijengwa na madirisha ya luva, vile vioo vyembamba vinavyofunguka kama matamvua ya samaki, yanafaa joto na hayataki umeme. Vumbi hukaa juu ya kila kioo na uchafu chini yake. Brashi ya kawaida inapita juu juu tu. Hii inaingia kati ya kioo na kioo, inasugua cha juu na cha chini kwa mkupuo mmoja. Viwanda vya Ulaya havikuhangaika nayo, kwani luva si shida yao. Ilikuwa shida ya Makambako, ikatatuliwa Makambako.

Hapa nitoe wivu wangu kidogo. Mwaka 1936 mhamiaji wa Kiitaliano huko Oakland, California, Ettore Steccone, aliandikisha hataza ya mpira wa kukaushia kioo wenye fremu nyepesi ya shaba. Kabla yake waosha madirisha walitumia chuma kizito ambacho kubadili mpira wake kulikuwa kufungua skrubu 12. Yeye mwenyewe alikuwa mwosha madirisha. Jina lake leo limeandikwa kwenye vifaa dunia nzima. Mjomba wangu hana hataza, na nilipomwambia nataka kuandika habari zake alijibu, “Andika, lakini jina langu liache. Watu wa kodi nao wanasoma.”

Kichwa cha saba ni ushahidi wa ugomvi. Mtu alimletea brashi nzuri ya plastiki kutoka Italia, ina tundu la kuzungushia mti. Mjomba akanunua mti wa chuma dukani, nao una ncha ya kuzungusha. Wapi! Havikubaliani. Kumbe mataifa hayajakubaliana hata juu ya mpini wa fagio. Wamarekani wana thredi yao, kipenyo cha inchi robo tatu na mikunjo 5 kwa inchi moja, na Waitaliano wana ya kwao yenye kipimo kingine. Vitu vinatoka pande zote za dunia, vinakutana kwenye duka moja Makambako, na anayetakiwa kuvisuluhisha ni mtu mwenye kisu. Akaikwangua plastiki, akaviringisha mpira wa tyubu, akakaza. Kimefanya kazi miaka minne.

Kufikia miaka ya 2000 luva zilianza kung'olewa, yakaja madirisha ya alumini ya kusukuma, na kichwa cha nane kina nyuzi ndefu upande mmoja kwa ajili ya kuzoa mchanga kwenye reli ya chini. Cha tisa ni cha maji. Mjomba alipitisha mpira wa levo, ule mwembamba unaoonyesha maji ambao waashi hupimia usawa, ndani ya mwanzi baada ya kutoboa vifundo vyake kwa nondo ya moto, na kutoa ncha mbili katikati ya nyuzi. Dumu la lita 20 linakaa ghorofani au juu ya ukuta, maji yanashuka yenyewe. Alitumia maji ya mvua kwa suuza ya mwisho. Kisa chake ni rahisi: maji ya ardhini yana chumvi, yakikauka kwenye kioo yanaacha madoa meupe, maji ya mvua hayana. Na anasuuza kabla ya kusugua, kwani kinachokwaruza kioo si brashi, ni mchanga ulio chini ya brashi.

Miaka michache iliyopita, mimi nikiwa Dar es Salaam, niliona vijana wa kampuni moja wakiosha jengo kwa miti ya nyuzi za kaboni, myepesi ajabu, maji yamechujwa chumvi yanapita ndani. Nilisimama kwenye jua nikatazama kama mshamba. Uingereza miti hiyo ilipata nguvu baada ya kanuni za mwaka 2005 zilizotaka kazi ya juu iepukwe pale inapowezekana kuifanya kutoka chini. Sisi tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Na mtaa wa pili kutoka hapo nilimkuta kijana mwingine juu ya ngazi ya mbao, imesimama wima kama askari, mguu wake mmoja uko kwenye kidato na mwingine kwenye kizingiti cha dirisha. Nikamshikia ngazi mpaka akamaliza. Alidhani nataka hela.

Nilimsimulia mjomba hayo yote pale jikoni, mvua inagonga bati, kuni nilizonunua zinawaka. Nikamwambia kwamba gunia lake ni historia, kuanzia mkonge wa babu hadi alumini, na kwamba halipaswi kuguswa tena na mtu. Alisikiliza vizuri. Akanywa chai. Kisha akainuka na mguu wake, akalishusha gunia mwenyewe, akaingiza mkono na kutoa kile cha sita, cha luva.

“Mwenye nyumba ya wageni hapo barabarani kaweka kioo kizima, mlango mpaka juu,” akasema. “Mbao za mwati kavu kama hii nitapata wapi masika?”

“Mjomba, hiyo hapana. Hiyo haipo popote!”

“Luva ziko wapi?”

Sikuwa na jibu. Akavuta msumeno kutoka uvunguni, akaweka alama kwa ukucha, akaniambia nishike upande ule.